Kuku Kabebwa na Nani?

Nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu bila hilo nisingekuwa na la kuandika.

Mimi ni animateri wa watoto hapa Bujumbura. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi tunakutana kwenye parseli moja huko Kinama, chini ya mwembe, watoto kama ishirini, wengi wa miaka minne hadi saba. Mkeka mmoja hautoshi, tunaongeza magunia. Wengine wamezaliwa hapa hapa, wengine wametoka Uvira zamani, na tangu Februari 2025, Bukavu ilipoanguka na makumi ya maelfu ya watu wakavuka Ruzizi kuingia Cibitoke, tumepata pia wa Bukavu, wa Kamanyola na wa Luvungi. Wanaongea Kiswahili cha kila aina. Kuna anayesema "bitabu", kuna anayesema "vitabu", na wale wa Buyenzi wanawacheka wote wawili.

Vitabu vyetu ni vichache. Tuna vitatu vya dukani, vya Kifaransa, na kimoja tulichotengeneza wenyewe. Hicho cha kutengeneza ndicho kinachogombaniwa. Ni kartoni ya biskuti iliyokatwa kurasa nane na kushonwa kwa uzi wa nailoni. Picha zilichorwa na kijana mmoja jirani yangu, maneno nilitunga mimi. Hakina jina, watoto wanakiita tu "cha kuku". Kinaanza hivi:

Kuku wetu kapotea,
majirani twawendea.

Halafu anaulizwa fundi baiskeli, anaulizwa mama muuza ndagala, anaulizwa mzee wa redio, kila mmoja na ukurasa wake na picha yake, na wote hawajamwona. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna mwanamke mwenye kitenge cha kijani, kuku yuko kwapani, na chini yake maandishi haya:

Mlangoni kasimama,
kuku kabebwa na mama.

Si ushairi mkubwa, najua. Mwalimu wangu wa Kiswahili angeuliza imekuwaje mtaa mzima ukamkosa kuku mmoja. Lakini tunakisoma hata mara tatu kwa asubuhi moja, na mara ya tatu mimi nashika kitabu tu, wanaosoma ni wao, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua herufi.

Sasa kosa. Mwezi wa tano wa mwaka huo wa 2025 alikuja msichana mpya, miaka mitano hivi, ameletwa na mama yake mdogo. Huyo mama mdogo alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama mzazi wa mtoto alifariki njiani, hawajafika hata kwenye mto. Mimi nikaitikia kwa kichwa, nikarudi kwenye mkeka, na kichwani nikaanza kupiga hesabu. Majuma machache kabla ya hapo shirika moja lilitupa mafunzo ya siku moja, na mwishoni tukapewa karatasi ya mambo ya kuepuka mbele ya watoto: risasi, moto, kifo, kutengana na wazazi. Niliiona ni karatasi nzuri. Kwa hiyo tulipofika ukurasa wa mwisho, nikasoma:

"Mlangoni kasimama, kuku kabebwa na... dada."

Kukawa kimya kidogo tu. Halafu mkeka mzima ukapiga kelele, "Mamaaa!" Na sauti ya kwanza kabisa, kabla ya zile za wazoefu, ilikuwa ya yule mgeni. Alikuwa hajawahi kukiona kitabu kile hata siku moja. Akanyoosha kidole kwenye picha. "Haiko dada, yaya. Ni mama."

Nikasema, "Leo ni dada."

Akaniangalia vile mtu mzima anavyomwangalia muuzaji wa sokoni aliyemrudishia chenji pungufu. "Unaongopa," akasema. Bila hasira. Aliniarifu tu.

Tangu siku ile ninajiuliza kama nilifanya vibaya, na kama ni vibaya, ubaya wenyewe uko wapi hasa. Ninaleta swali hili kwenu ninyi mlioko Bwagiriza, Kavumu, Musenyi na kambi nyingine, kwa sababu wengi wenu mnakaa na watoto wasio wenu, na kwenu ninyi wa mashirika, kwa sababu nyinyi ndio mnaoandika zile karatasi.

Upande wa kunitetea upo, na ni wa nguvu. Sisi watu wa nchi hizi hatuwezi kujifanya hatujui kuna uongo mzuri. Darasa la sita la sekondari tulifundishwa filozofi kidogo, na pale nikakutana na Kant, Mjerumani, ambaye mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akija mlangoni akiuliza rafiki yako kajificha wapi, hutakiwi kumwambia uongo. Darasa zima tulimkataa. Mwalimu mwenyewe alimkataa. Hapa Burundi baada ya Oktoba 1993, na kule kwetu Kivu baada ya 1996, kuna watu wanaishi leo kwa sababu mtu fulani alisimama mlangoni akasema, "Humu hakuna mtu." Sijabadilisha mawazo. Yule aliyesema vile sina la kumfundisha kuhusu maadili, yeye ndiye wa kunifundisha mimi.

Ila nilipokuwa nakunja magunia ile Jumamosi nikajiuliza: pale kwenye mkeka, muuaji alikuwa nani? Nilikuwa namficha nani, na nani alikuwa anabisha hodi? Hakukuwa na mtu mlangoni, ukiondoa yule mwanamke wa kitenge cha kijani. Nilikuwa nimechukua ruhusa ya siku ya hatari nikaitumia siku ya kawaida, na niliyemdanganya ndiye huyo huyo niliyedai kumlinda. Nadhani wengi wetu tumeizoea hii. Vita vinatufundisha kwamba uongo unaokoa, vita vinapita au tunavikimbia, na mkono unabaki umezoea.

Kuna na Plato, mwingine wa daraja la juu. Katika kitabu chake cha Jamhuri anataka hadithi za watoto zichunguzwe kwanza, na akina mama na walezi waambiwe zipi za kusimulia na zipi za kuacha. Nikimfuata yeye, ile karatasi ya shirika ni mjukuu wake. Na sehemu moja nakubaliana naye: kuchagua lazima kuwepo. Sitasoma kitu chochote mbele ya mtoto wa miaka minne. Lakini angalia, Plato anachagua kabla ya kikao. Mimi nilibadilisha katikati ya kikao, kitabu kikiwa wazi, macho arobaini yako juu ya picha. Kuacha kitabu nyumbani ni jambo moja. Kukileta, kukifungua, halafu kusema kinasema kitu ambacho hakisemi, hilo ni jambo lingine, na tofauti yake mtoto wa miaka mitano aliijua kabla yangu.

Aliijua vipi? Hapa ndipo panaponivutia kuliko pote, mnisamehe nikikaa kidogo.

Mtoto asiyejua kusoma yuko mikononi mwa msomaji. Ukimsomea hadithi ndefu isiyo na vina unaweza kuruka ukurasa kwa sababu ugali unaungua, na kama ndiyo mara ya kwanza kuisikia hatajua. Neno lako ndilo kitabu. Lakini ukimwekea vina, mambo yanageuka. Ukishasema "kasimama", sikio lake limeshafika kwenye "mama" na linakungoja. Kiswahili kinamsaidia, kwa sababu karibu maneno yetu yote yanaishia na irabu, kina kinasikika wazi hata kwa mtoto ambaye nyumbani wanaongea Kifuliiru au Kirundi. Halafu kuna picha. Kina kinamwambia neno, picha inamwonyesha mtu. Hao ni mashahidi wawili, na mimi peke yangu upande wa pili na "dada" wangu.

Kwa hiyo kitabu cha picha chenye vina ndicho andiko la kwanza ambalo mtoto anaweza kulitumia kumkamata mtu mzima. Sijui kama waliovitunga walifikiria hivyo. Wengi walifikiria kucheka tu, na kucheka ni sababu tosha.

Wafanyakazi wa mashirika mna sababu nyingine mnayoipenda zaidi, nayo ni ya kweli. Lynette Bradley na Peter Bryant, watafiti wa Oxford, walichapisha mwaka 1983 kazi iliyoonyesha kwamba watoto wa miaka minne na mitano wanaosikia vizuri maneno yapi yanafanana sauti ndio waliokuja kusoma vizuri zaidi miaka iliyofuata, na kwamba kuwazoeza sauti pamoja na herufi kuliwasaidia. Ni sababu nzuri ya kuombea kartoni na kalamu za rangi, na mimi mwenyewe nimeiandika kwenye barua ya maombi. Lakini mtoto hatuambii, "Nisomee ili nije kupata alama." Anatuambia, "Rudia." Anataka kuona kama neno litakuwa pale pale tulipoliacha.

Fikirieni ni maneno gani mtoto wa mkimbizi ameyakuta pale pale alipoyaacha. Baba anarudi Jumatatu. Chakula kitafika wiki ijayo. Faili yenu inaendelea. Tunalala hapa usiku mmoja tu. Silaumu mtu, wengi waliosema hayo waliamini wanachosema, na mimi mwenyewe nimeshawaambia watoto Jumamosi ijayo kutakuwa na biskuti na haikuwa. Nasema tu kwamba maneno yote hayo mtoto hana njia ya kuyapima. Anangoja, basi. Kwenye kitabu cha kuku anaweza kupima. Mistari miwili, na papo hapo anajua kama umetimiza au hukutimiza. Mimi nilichukua ile ahadi ndogo kuliko zote, pengine pekee aliyokuwa na uwezo wa kuikagua, nikaivunja mbele yake kwa kumwonea huruma.

Sasa mtaniambia: lakini bibi zetu walikuwa wanabadilisha hadithi kila usiku. Kweli kabisa. Bibi yangu kule Uvira, Fisi wake alikufa kwa njia zaidi ya kumi. Leo kazama ziwani, kesho kapasuka tumbo, kesho kutwa kapata ndoa. Hakuna aliyemwita mwongo. Nimelifikiria hili sana, kwa sababu kama bibi hakuwa mwongo, kwa nini mimi? Jibu langu ni kwamba hadithi ilikuwa ya bibi, sote tulijua anaitengeneza pale pale, na kutengeneza huko ndiko tulikokuja kukusikiliza. Hakuinua kitu mbele yetu akasema "hiki ndicho kimeandikwa". Lakini jaribu na vitendawili. Bibi akitega, tukashindwa, tukampa mji, akachukua mji wake na kutoa jibu, hapo lilikuwa limefungwa. Kesho yake akitega kile kile na kutoa jibu jingine, tungemdai mji wetu. Bibi huyo huyo, usiku huo huo, na sheria mbili. Kitabu chenye vina kiko upande wa kitendawili.

Kuna mtu mwingine aliniambia kwamba siku hizi vitabu vyenyewe vinaruhusu kubadilishwa. Alinionyesha kwenye simu African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, wenye vitabu vingi vya picha katika lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni inakuruhusu kutafsiri, kubadilisha, hata kuchapisha. Ni kitu kizuri, kitumieni kama mna simu na megabaiti. Lakini leseni inaniruhusu mbele ya mwandishi. Mbele ya mtoto hainiruhusu kitu. Na ukizingatia kitabu cha kuku ni changu mwenyewe, sikuhitaji ruhusa ya mtu. Kumbe umiliki haukuwa tatizo hata kidogo. Maneno nilitunga mimi, na bado siku ile hayakuwa yangu peke yangu.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumwona yule mama mdogo, huko anakopanga. Nilitaka kumwomba msamaha na pia, nikiri, nilitaka anihakikishie kwamba nilikuwa na nia njema. Alikuwa anatwanga sombe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha mchi.

"Mudogo yangu," akasema, "hapa mama yake tunamutaja kila siku. Picha yake iko kwa simu. Akilala anaiomba. Weye ndiye ulikuwa unamukimbia."

Nilikaa pale nikamsaidia kutwanga kwa sababu sikuwa na jibu. Lilikuwa kweli. Niliogopa uso wa mtoto, niliogopa kwamba atalia na mimi sitajua la kufanya mbele ya watoto kumi na tisa wengine. Ile karatasi ilinipa jina zuri la kuita woga wangu. Huo nauona ndio ubaya uliokuwa ndani ya lile neno "dada", zaidi hata ya uongo wenyewe: nilijifanya namlinda yeye kumbe najilinda mimi, na kwa kufanya hivyo nikamfundisha kwamba mama yake ni neno lisilotamkwa kwenye mkeka wetu.

Mwalimu mmoja mzee wa Buyenzi, nilipomsimulia, alinikumbusha Mwana Kupona binti Msham. Mwaka 1858, huko kwenye visiwa vya Lamu, mama huyu alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Alikuwa mgonjwa, na alikufa karibu miaka miwili baadaye. Kinachonishika ni kwamba hakuuficha ugonjwa. Mapema kabisa katika utenzi anamwambia binti kwamba anaumwa mwaka mzima sasa. Binti yake alikuwa mkubwa kuliko watoto wangu, ni kweli, na dunia yao ilikuwa nyingine. Baadhi ya mawaidha yale kuhusu mume wasichana wetu wa kikundi cha jioni waliyapinga mpaka jua likazama. Lakini mama anakwenda kufa, anataka mtoto abaki na kitu, na chombo anachochagua ni vina, ili maneno yasidondoke njiani. Na ndani ya chombo hicho anaweka pia habari mbaya.

Ningependa kuishia hapo, hoja imekaa vizuri. Lakini kuna mvulana.

Ana miaka sita. Mama yake hakufa, au hatujui. Walitengana, simu haipatikani mpaka leo. Jumamosi iliyofuata, nilipokuwa nimeshajiapiza kusoma kilichoandikwa, nilisoma "mama" kwa sauti yangu yote kama mtu anayelipa deni. Wote wakaitikia. Yule mvulana akasimama, akaenda mpaka kwenye geti la parseli, akakaa huko anarusha vijiwe kwenye mfereji. Nilimfuata. Hakulia, hakusema kitu, na alinipa mgongo mpaka nikarudi. Yule wa kwanza alifiwa, na nyumbani wanamtaja marehemu. Huyu hajui aweke neno lile wapi. Kwa hiyo ukweli nao una gharama, na niliyeamua ulipwe ni mimi, lakini aliyelipa ni yeye. Aliyeandika ile karatasi hakuwa mjinga. Pengine alimwona mtoto kama huyu.

Tulichofanya baada ya hapo hakikutatua swali. Kabla ya kufungua kitabu nauliza leo kipi. Wakisema cha kuku, nauliza ukurasa wa mwisho tusome au tupite. Yeyote anaweza kusema tupite, na akisema, tunafunga kitabu pale kwa mzee wa redio, wazi, mbele ya wote, bila mtu kudanganywa kuhusu kilichobaki. Kuruka kwa wazi sikuoni kama uongo. Wenzake wananuna, bila shaka. Mara mbili kulikuwa na ugomvi na mara moja kiatu kilirushwa. Hapo nauliza tena swali ambalo sina jibu lake: wengi wakitaka "mama" na mmoja hataki, mkeka ni wa nani?

Wakaomba pia tutengeneze ukurasa mwingine, wao wenyewe, wa tisa. Mjadala ulichukua asubuhi nzima. Mmoja alitaka kuku aliwe, akashindwa kwa kura. Mwishowe wakatoa hii:

Kuku wetu karejea,
peke yake katembea.

Msichana yule mpya alipinga mpaka dakika ya mwisho, kwamba kuku hajui adresi. Akajibiwa kwamba huyu anajua. Kijana mchoraji akachora kuku barabarani, mdogo kuliko alivyopaswa kuwa, na nyuma yake nyumba nyingi. Ukurasa huo tumeushona nyuma ya ule wa mama. Ule wa mama tumeuacha mahali pake.

Jumamosi iliyopita walichagua cha kuku. Niliuliza tusome au tupite, hakuna aliyesema tupite. Tulipofika kwa mzee wa redio yule mvulana alisimama mwenyewe, akaenda getini kama kawaida, akageuka akangoja. Msichana ndiye siku hizi anafunua kurasa, mimi nashika tu. Akaangalia getini, akafunua, wakaitikia "mama", akafunua tena haraka, akapaza sauti kuelekea getini: "Kuku wetu karejea!" Yule akarudi anakimbia kuja kukaa, na huku anakimbia akamalizia mstari.